Fungua Tuone na Kadi Isiyofunguka

Mume wa dada yangu hapokei kitu kilichofungwa bila kukifungua. Siku ya harusi yao, wageni wakiwa bado wamekaa, alivuta zawadi iliyokuwa karibu yake, akabandua karatasi upande mmoja, akachungulia ndani, akairudishia kwa mate. Dada akamfinya chini ya meza. Yeye akanong'ona, "Nahakikisha tu." Nilikuwa nimekaa nyuma yao, nikaona yote. Sasa wana miaka ishirini na miwili ya ndoa, na dada bado anaifufua ile karatasi kila akikasirika.

Kazini wanamwita Fungua Tuone. Likija boksi la karatasi za printa, analipasua na kuhesabu. Ikija kompyuta mpya, kabla haijawashwa hata mara moja, ameshaifungua skrubu zote na kuipekua kwa tochi. Watu walimcheka mpaka wakachoka, jina likabaki.

Chanzo chake nakijua, ingawa alinisimulia mara moja tu. Alipokuwa kijana alikuwa karani wa stoo ya dawa. Siku moja, saa ya chakula cha mchana, lori lilileta katoni sitini za chupa za dripu. Gundi nzima, mihuri mizima. Dereva alikuwa na haraka, yeye alikuwa na njaa, akatia sahihi. Baada ya wiki mbili katoni zilipofunguliwa wodini, ishirini kati yake zilikuwa na chupa tupu zilizofungwa vizuri kabisa, na vifuniko vyake. Dereva hakuonekana tena. Kilichoonekana ni karatasi yenye sahihi ya shemeji.

Hakufungwa, lakini alifukuzwa, na kwa mwaka mzima akipita mtaani watu walikuwa wanaangalia mfuko wake kabla ya kuangalia uso wake. "Shem," aliniambia, "waliniuliza nimezipeleka wapi. Sikuwa na jibu. Mimi mwenyewe sikujua kama zilikuja."

Baada ya hapo alikaa kwenye kibanda cha fundi redio, akajifunza. Kutoka redio akaingia kwenye kompyuta. Alizipenda, alisema, kwa sababu bisibisi moja inatosha, unaona kila kitu. Akapata cheti, kisha akapata kazi hospitali, kwenye chumba cha mitambo ghorofa ya chini. Miaka mitatu baadaye akanisemea na mimi nikaingia, mhudumu. Nimesoma mpaka darasa la saba. Nafagia, napiga deki, napeleka chai na bahasha. Kuongea mbele ya watu si kazi yangu, na sijawahi kuililia.

Chumba chenyewe si kikubwa. Kuna kabati la chuma lenye seva tatu, kiyoyozi kinachodondosha maji kwenye ndoo, meza moja, viti viwili, na daftari lililoning'inizwa msumarini kwa kamba. Seva ya katikati ndiyo inayotunza picha zote za eksirei na za ile mashine kubwa inayopiga picha za ndani ya mwili. Daktari akitaka kuona kichwa cha mgonjwa, anabonyeza huko juu, picha inatoka huku chini.

Kila siku saa nne asubuhi shemeji alikuwa anasoma namba mbili kwenye skrini na kuziandika daftarini kwa kalamu ya wino. Nilimuuliza ni za nini, akafurahi kuulizwa, akanieleza huku mimi nimeegemea fagio.

Picha haisafiri nzima, alisema. Inakatwa vipande vidogo maelfu kwa maelfu, kila kipande kinafungwa kama kifurushi na kuandikwa anwani. Kifurushi kikifika kwenye seva kinapiga hodi. Mfumo, yaani ile programu kuu inayoendesha kompyuta nzima, unaacha ulichokuwa unafanya, unafungua, unasoma anwani, unakagua kama kipande hakikuharibika njiani, unakipanga na wenzake, ndipo unarudi kwenye kazi yake. Kabla haujakaa sawasawa, hodi nyingine.

"Namba ya kwanza ni hodi za tangu jana," alisema. "Ya pili ni jinsi mfumo ulivyochoka."

Ile ya kwanza ilikuwa imefika milioni mia moja na arobaini. Ya pili, asilimia tisini na tatu. Hospitali ilikuwa imenunua mashine mpya ya picha, vifurushi vikazidi, na seva ile ya zamani ilikuwa inafanya kazi ya bawabu kuliko kazi yake. Madaktari walikuwa wanabonyeza na kusubiri, wanabonyeza na kusubiri, mpaka wengine wanakunywa chai yote.

Basi Jumatatu moja akaja mhandisi kutoka kampuni iliyouza vifaa. Mama wa miaka thelathini na kitu, viatu vya raba, mkononi ana boksi dogo kama la viatu vya mtoto. Mkurugenzi wetu alikuja naye. Mkurugenzi ana neno lake, "kwa kifupi", na akilisema ujue hutoki hapo nusu saa.

"Kwa kifupi," alisema, "tatizo la picha limekwisha." Akaongea kweli nusu saa. Mhandisi ndiye aliyeeleza kwa maneno machache. Ndani ya boksi kulikuwa na kadi ya mtandao, lakini kadi yenye akili yake. Ina prosesa yake, kumbukumbu yake, programu yake. Kazi yote ya mlangoni ingefanywa na kadi: kupokea, kusoma anwani, kukagua, kupanga. Mfumo ungeletewa picha ikiwa nzima mezani.

"Mfumo hautapigiwa hodi tena," alisema. "Upumzike ufanye kazi yake."

Shemeji aliipokea ile kadi, akaigeuza. Upande mmoja wote ulikuwa umefunikwa na bati la kupoza joto lililong'ang'ania kama kigaga. "Fungua tuone," akasema.

Mhandisi akacheka. "Hii haifunguki, mzee. Ukibandua hilo bati umeiua."

"Sasa mimi nitajuaje kilichomo?"

"Kilichomo ndicho nilichokwambia."

Shemeji alipitisha ukucha pembeni mwa lile bati. Maneno kama hayo alishawahi kuambiwa na dereva.

Seva ilizimwa, kadi ikapachikwa, nyaya zikaunganishwa, seva ikawashwa na hesabu zake zikaanza upya sifuri, taa ndogo ya kijani kwenye kadi ikawaka. Huko juu picha zikaanza kufunguka kabla daktari hajaondoa kidole. Watu walishangilia. Mkurugenzi akatoa hati ya makabidhiano na kumpa shemeji kalamu. Hati ilisema: Nimekikagua kifaa hiki na nimeridhika nacho.

"Nipe muda," alisema shemeji.

"Muda wa nini? Si unaona kinafanya kazi?"

"Naona picha. Kifaa sijakiona."

Mkurugenzi akavua miwani. "Kwa kifupi, Ijumaa saa sita mchana. Usipotia sahihi, kampuni italeta mtu wake akae humu, na wewe utakwenda stoo ya vitanda vibovu. Nafasi ipo."

Angeweza kusema kufagia, angeweza kusema jikoni. Alisema stoo. Sidhani kama alijua anamwambia nani.

*

Jumanne saa nne shemeji alisoma namba zake, akasoma tena, akaniita nisome na mimi. Hodi zilikuwa mia sita na kumi na mbili. Uchovu, asilimia saba.

"Jana milioni mia na arobaini," alisema. "Leo mia sita. Wagonjwa wamepungua?"

"Hapana shem. Foleni ya eksirei imefika ngazi."

"Picha zinafika?"

"Zinafika."

"Kitu kinafika ndani ya nyumba bila kupita mlangoni." Alikaa akaitazama ile taa ya kijani. "Sasa kimepita wapi? Na kama kimeweza kuingia bila mimi kukiona, kinashindwaje kutoka bila mimi kukiona? Hizi ni picha za watu, shem. Maini ya watu, matumbo ya watu."

Kile kisanduku kinachogawa nyaya nje ya seva nacho kisingetuambia, kilikuwa cha zamani, hakina hesabu yoyote, kazi yake kuwaka tu. Mwenye hesabu alikuwa mfumo, na mfumo sasa ulikuwa umekaa kama bawabu aliyejengewa mlango mwingine mgongoni.

Akaniangalia. Alinitazama kwa namna ambayo hajawahi kunitazama kwa miaka yote ile.

"Funguo za chumba hiki ni ngapi?"

"Mbili, shem. Yako na yangu."

"Jana baada ya sisi kutoka, nani aliingia?"

"Mimi. Kupiga deki. Saa saba mchana, kama kawaida."

Alinyoosha mkono tu. Nikavua ufunguo, ninaouvaa shingoni kwa kamba ya kiatu, nikamwekea kiganjani. Nilichukua ndoo nikatoka, na maji nikayamwaga bila kuyatumia.

Kuna jambo nilikuwa nimeliona hiyo Jumatatu, na nilikuwa nataka kumwambia. Sasa nikalifunga mdomoni. Saa saba mpaka saa nane mashine za picha zinasimamishwa zisafishwe, madaktari wanakula, chumba kinakuwa kimya kabisa. Seva za pembeni taa zao zilitulia. Lakini ile ya kijani kwenye kadi ilikuwa inakonyeza. Mara moja, halafu kimya, halafu mara moja tena. Napiga deki vigae kumi na viwili, inakonyeza. Kumi na viwili vingine, inakonyeza. Nilihesabu mpaka ukutani. Nilijiambia nitamwambia shemeji asubuhi. Lakini mtu ameshakunyang'anya ufunguo, utaanzaje kumwambia kwamba ukiwa peke yako humo ndani huwa unakaa unahesabu taa zake?

Jumatano nilikwenda kwao mchana kupeleka sabuni aliyoniagiza dada. Shemeji alikuwa amekuja kula, yupo mezani, chakula kimepoa.

"Mwone mwenzako," dada aliniambia. "Tangu juzi ameoa kadi."

"Sijaoa chochote," alisema shemeji.

"Ungenioa mimi hivyo ningefurahi. Mimi ulinichunguza mwaka mzima, ukaniuliza mpaka majina ya bibi zangu. Na ndani yangu ulifungua ukaona?"

"Wewe ulikuwa unajibu ukiulizwa."

"Na hiyo kadi umeiuliza?"

"Kadi haina mdomo, mama watoto."

"Basi tia sahihi ule. Stoo utakwenda kufanya nini, na kifua chako hicho na vumbi?"

Shemeji akasukuma sahani. "Nikitia sahihi halafu siku moja picha za mtu zikaonekana mahali, nitaulizwa nimezipeleka wapi. Nitajibu nini? Nitajibu tena sijui kama zilikuja?"

Dada akanitazama mimi, kama ananiambia sema kitu. Nikaangalia sabuni.

Huko hospitalini nako maneno yalikuwa yameanza. Katibu muhtasi wa mkurugenzi alinisimamisha kwenye ngazi, nimebeba sinia la vikombe. "Shemeji yako anaficha nini? Mtu mwenye mikono safi anaogopaje kutia sahihi?" Nikasema sijui. Akasema, "Haya, kaeni na siri zenu." Kwa hiyo shemeji alikuwa anaishuku kadi, wakubwa wanamshuku shemeji, shemeji ananishuku mimi, na mimi, nikisema kweli, nilikuwa nimeanza kuwashuku wote. Nikipokewa chai yangu nilikuwa najiuliza kwa nini huyu leo amesema asante.

*

Alhamisi asubuhi shemeji alifanya alilolifanya. Alinifungulia mlango nipige deki, akasimama humohumo kama askari jela, halafu akaketi, akaandika amri kwenye kompyuta. Nilimsikia anajisemea, "Rudi mlangoni nikuone." Alikuwa ameiambia kadi iache kazi yake, ili vifurushi vipite tena kwa mfumo kama zamani.

Skrini ikajaa mistari, inashuka kama mvua. Hodi, hodi, hodi. Uso wake ulifunguka. Alikuwa anaonyesha kwa kidole, "Huyu katoka eksirei. Huyu anakwenda wodi ya wanaume. Umeona? Umeona, shem?" Alikuwa na furaha ya mtu aliyekutana na ndugu zake stendi.

Dakika ishirini hazikupita. Uchovu ulipanda, themanini, tisini, tisini na tisa, ukaganda hapo. Simu ya mezani ikalia. Ikalia tena. Kisha mlango ukasukumwa, akaingia daktari wa upasuaji mwenyewe, kofia ya kijani kichwani, barakoa imening'inia kidevuni.

"Mgonjwa wangu yuko mezani tayari. Picha yake iko wapi?"

"Inakuja, daktari."

"Inakuja kutoka wapi, nchi gani? Tangu jana na juzi nabonyeza inafunguka. Leo nasubiri robo saa. Nani kagusa nini?"

Shemeji akaandika amri ya kuirudishia kadi kazi yake. Akakosea, akarudia. Mvua ya kwenye skrini ikakatika. Simu ya daktari ikalia mfukoni, wenzake wa juu wanamwambia picha imefunguka. Alituangalia mmoja mmoja. "Mgonjwa hana habari na ugomvi wenu na mashine," akasema, akatoka mbio.

Mkurugenzi hakuchelewa. Alisimama mlangoni, wala hakuingia. Safari hii hata "kwa kifupi" hakusema. Alisema, "Kesho. Saa sita." Akaondoka.

Shemeji alikaa amejishika kichwa. Kiyoyozi kilikuwa kinadondosha maji kwenye ndoo, tone, tone. Nilikuwa nimesimama na fagio, sijui nitoke au nibaki. Kutoka nisingeweza, ufunguo alikuwa nao yeye na baada ya mkurugenzi kuondoka alikuwa ameshaufunga mlango.

Nikakumbuka mlinzi wa geti la mbele. Mwaka uliopita hospitali ilifungua geti la nyuma kwa magari ya wagonjwa na wafanyakazi. Mlinzi wetu wa mbele, mtu makini, anaandika kila anayeingia. Baada ya mwezi akapeleka taarifa ofisini kwamba watu wameikimbia hospitali, daftari lake limekuwa jeupe. Tulimcheka hadi leo tunamwita Geti Jeupe. Watu walikuwa wanapita nyuma, na huko nyuma kulikuwa na mlinzi mwingine na daftari lingine.

Nikapiga moyo konde. "Shem," nikasema. "Hiyo kadi haina daftari lake?"

Hakuinua kichwa. "Daftari gani?"

"Kama Geti Jeupe. Wewe unasoma daftari la geti la mbele."

Akainuka taratibu, akachukua simu, akampigia mhandisi. Aliweka sauti ya nje.

"Mhandisi. Kadi ina hesabu yake yenyewe ya vifurushi?"

"Ina, mzee. Kwani unasoma wapi?"

"Nasoma kwenye mfumo."

"Mfumo utaona salamu za mwanzo tu. Picha ikianza kuja, kwa kile kifurushi cha kwanza kadi inauuliza mfumo njia yake, vingine vyote kadi inavimaliza yenyewe. Iulize kadi."

"Mbona hukuniambia?"

"Mbona hukuniuliza? Uliniambia fungua tuone."

Akampa amri ya kuandika. Shemeji akaiandika, na kadi ikajibu. Ilikuwa orodha ndefu, imepangwa vizuri kuliko daftari letu: kimetoka wapi, kimekwenda wapi, ni vingapi. Jumla kuanzia saa nne ya jana mpaka saa nne ya leo: milioni mia moja na hamsini na mbili na ushee. Alikwenda mwenyewe eksirei na kwenye mashine kubwa, akasoma walivyotuma wao, akarudi na karatasi, akajumlisha. Zilikaribiana, tofauti ndogo tu ya vile vilivyopotea njiani na kutumwa upya. Akajumlisha tena. Akaanza kutabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

Hapo nikajua ama niseme sasa ama nisiseme kamwe.

"Shem, kuna kitu kingine. Jumatatu, nikipiga deki. Saa saba kila kitu kimezimwa, hiyo taa inakonyeza. Kila vigae kumi na viwili."

Akageuka. "Vigae?"

"Nilihesabu vigae. Kama dakika moja hivi."

"Jumatatu? Na leo ni Alhamisi?"

"Ulichukua ufunguo, shem."

Aliniangalia, na safari hii yeye ndiye aliyeangalia chini. Kisha akarudi kwenye ile orodha, akaishusha kwa kidole mstari kwa mstari. Mpaka chini kabisa, chini ya wodi zote na vyumba vyote vya madaktari, kulikuwa na mstari mmoja mfupi. Anwani ambayo haikuwa ya hospitali. Vifurushi elfu moja mia nne na arobaini kwa siku moja.

Alichukua kalamu akagawanya pembeni ya karatasi. Masaa ishirini na manne, dakika sitini. Kimoja kila dakika.

Hakutabasamu tena.

*

Ijumaa saa tano mhandisi alikuwa ameshafika, na mkurugenzi naye. Mimi niliitwa kuleta chai, nikabaki na sinia kwa sababu hakuna aliyeniambia nitoke. Shemeji hakupandisha sauti. Aliweka karatasi mezani, akaweka kidole kwenye ule mstari wa chini.

"Hii ni anwani ya nani?"

Mhandisi akainama akasoma. Nilimwona anabadilika. "Ni yetu. Ya kampuni."

"Kadi inawapelekea nini kila dakika?"

"Hali yake tu, mzee. Joto, kasi ya feni, kama kuna hitilafu. Kadi zote zinafanya hivyo zikitoka kiwandani. Picha hazimo, nakuapia."

"Nifungulie nione."

Safari hii hakucheka. Alivuta kiti, akaandika amri zake, akafungua kifurushi kimoja kilichonaswa kinatoka. Kilikuwa kifupi, mistari minne. Joto, namba ya kadi, saa, na neno moja la kusema mzima. Akafungua cha pili, cha tatu, cha kumi. Shemeji alisoma vyote kwa kidole.

"Ni kweli," akasema. "Picha hazimo. Nilidhani mnachukua picha, nilikosea." Akageukia mkurugenzi. "Lakini nani aliruhusu kadi iliyo ndani ya hospitali iwe inaongea na watu wa nje?"

Mkurugenzi akamtazama mhandisi. Mhandisi akatazama skrini.

"Hakuna aliyeruhusu," mhandisi alisema hatimaye. "Hakuna aliyeuliza. Naizima sasa hivi."

Akaizima. Tukasubiri dakika moja nzima, watu wazima wanne, tunaitazama taa ya kijani kana kwamba inatudai jibu. Saa hiyo picha zilikuwa zinapita, ilikuwa inawakawaka tu, hatukuweza kujua. Shemeji akaitisha orodha. Hesabu ya ule mstari wa chini ilikuwa imesimama pale pale, haikuongezeka.

Mkurugenzi akasogeza hati. Shemeji akachukua kalamu, lakini chini ya yale maneno yaliyopigwa chapa akaandika kwa mkono: Nimeona hesabu ya vinavyoingia na vinavyotoka. Ndani ya kadi sijaona. Ndipo akatia sahihi.

"Hii siipokei," mkurugenzi alisema. "Hati inatakiwa iwe safi. Iandikwe upya."

"Basi niandikie barua ya stoo," alisema shemeji, na akaweka kalamu chini taratibu. "Vitanda vibovu navyo nitavihesabu."

Nililishika sinia kwa mikono miwili. Mkurugenzi alifungua mdomo. Kabla neno halijatoka, mhandisi akaivuta ile hati, akasoma maneno ya shemeji, akachukua kalamu yake mwenyewe, akaandika chini yake: Hata mimi sijaona. Nimesoma vitabu vyake tu. Akatia sahihi na tarehe.

"Itabidi niieleze kampuni habari ya ule mstari," alimwambia mkurugenzi. "Ni heri hati ionyeshe kwamba hapa kuna mtu aliyeuona."

Mkurugenzi aliisoma ile hati mara mbili. Nadhani alikuwa anafikiria siku atakayoulizwa yeye. Akaikunja, akaitia mfukoni, akatoka, na kwa mara ya pili wiki hiyo hakusema "kwa kifupi".

Shemeji hajahama mpaka leo. Daftari la kwenye msumari sasa lina safu mbili, ya mfumo na ya kadi, na kila saa nne anaandika zote mbili na kupiga mstari chini. Kila saa saba anaitisha ile orodha, anashuka mpaka chini kabisa.

Jumatatu iliyofuata nilipofika na ndoo yangu alikuwa ananisubiri mlangoni na bahasha ya kaki iliyofungwa kwa gundi, na karatasi imeandikwa kwa mkono wake: Nimepokea ufunguo mmoja. Akanipa kalamu. Nilikuwa na haraka ya kumaliza ile aibu yetu, yake na yangu, nikainama nitie sahihi.

Akanishika mkono.

"Fungua kwanza, shem," alisema. "Fungua uone."

Nikaichana ile bahasha. Ufunguo ulikuwemo, na kamba yangu ya kiatu. Nikatia sahihi, nikaivaa shingoni, nikaingia kupiga deki. Ilikuwa saa saba na dakika chache, mashine zote kimya. Nilianza ukutani, nikahesabu vigae kumi na viwili, nikasimama, nikaitazama taa.

Haikukonyeza. Nikahesabu kumi na viwili vingine.